Aliyepiga kuliko wote anauzaje fainali? Joe Jackson na World Series ya 1919

#1 Mwanamtoni
Wakuu, habari za jioni. Najua humu ni Simba na Yanga kuanzia alfajiri mpaka alfajiri, lakini leo nivumilieni na mchezo wa Wamarekani. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Oktoba 1919, fainali ya besiboli ya Marekani, World Series, ilikuwa kati ya Chicago White Sox na Cincinnati Reds. Chicago ndio waliotajwa kuwa wababe, maana walikuwa mabingwa wa 1917. Wakafungwa michezo 5 kwa 3. Mwaka uliofuata ikafichuka kwamba wachezaji wa Chicago walikula hela za wacheza kamari ili wafungwe. Wachezaji 8 wakafungiwa maisha.

Mmoja wao ni Joe Jackson, waliyembandika jina la Joe Pekupeku kwa sababu siku moja viatu vipya vilimchubua akacheza na soksi. Mtoto wa South Carolina, alianza kazi ya kiwanda cha nguo akiwa mdogo, shule hakwenda, kusoma hakujua. Kwenye hiyo fainali inayosemwa aliiuza, alipiga 12 kati ya 32, wastani wa .375. Miongoni mwa waliocheza michezo yote hakuna aliyempita katika timu zote mbili. Vitabu vya rekodi havina kosa lake hata moja la udakaji. Ule mpira mmoja uliopigwa ukatoka nje ya uwanja katika fainali nzima ni wake.

Naomba mnieleze. Mtu aliyeuza mechi anachezaje hivyo?

#2 Kipa Mstaafu
Hela alipokea, hakupokea? Anza hapo kwanza.

#3 Mama Salma wa Ngamiani
Mie najua rede tu. Hiyo besiboli si ndiyo ya gongo?

#4 Nyati wa Nakuru
@Mama Salma gongo gani sasa, la kunywa? Huko kwenu Bongo neno hilo lina polisi wake.

#5 Mbeba Boksi
Salaam kutoka Chicago, mwaka wa 14 huu. @Mama Salma ni hiyo hiyo, gongo la mti. Nikueleze kwa ufupi, maana bila hivi uzi hautaeleweka.

Mrushaji anasimama katikati, anavurumisha mpira. Mpigaji anausubiri na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia vituo, viko vinne, akivizunguka vyote akarudi alipoanzia timu yake ina pointi moja. Kila timu inapata awamu 9 za kupiga. Akipiga ukavuka uzio, anazunguka kwa raha zake na wenzake wote waliokuwa vituoni wanarudi nao.

La kushika ni hili: mpigaji bora kabisa anashindwa mara 7 katika kila 10. Anayefaulu mara 3 kwa 10 (wao wanaandika .300) ni mfalme. Kwa hiyo .375 ni moto. Jackson maisha yake yote alikuwa na .356, ndiyo maana Greenville alikozeekea nyumba yake iliyogeuzwa makumbusho imepewa namba 356.

Na msidhani mchezo huu hauko nyumbani. Wajapani walishauleta Dar, uwanja uko pale Azania.

#6 Mwanamtoni
Asante @Mbeba Boksi. @Kipa Mstaafu ndiyo, alipokea. Yeye mwenyewe Septemba 1920 mbele ya jopo la raia waliokuwa wakichunguza kama kuna kesi alisema aliahidiwa dola 20,000 akapewa 5,000. Aliyempelekea ni mwenzake, mrushaji Lefty Williams. Lakini mahojiano hayo hayo yana maneno yake kwamba alipiga ili washinde, alikimbia ili washinde, alidaka ili washinde. Mdomo mmoja, siku moja.

#7 Kipa Mstaafu
Basi mimi nimemaliza. Kapokea.

#8 Nyati wa Nakuru
Wadau, mnamhukumu mtu bila kumtazama aliyemfanya awe hivyo. Mwenye timu alikuwa Charles Comiskey, mkono wa birika kweli kweli. Mrushaji wake nambari moja, Eddie Cicotte, aliahidiwa dola 10,000 za ziada akifikisha ushindi 30. Alipofika 29 Comiskey akaamuru akae benchi asifikishe. Hapo ndipo Cicotte akasema basi, mtanikoma. Huwezi kumlipa simba majani halafu ushangae amekula mbuzi wako.

#9 Karani wa Takwimu
@Nyati hadithi tamu lakini ina matundu. Ushindi 29 na kupoteza 7 ni kweli. Lakini Cicotte hakuketishwa: siku za mwisho za msimu alipewa mechi na ushindi wa 30 haukuja. Hiyo ahadi ya 10,000 nayo haijaonekana kwenye mkataba wowote.

Kubwa zaidi, kadi za mikataba za zamani zilipofunguliwa kwa watafiti, White Sox ya 1919 ikaonekana miongoni mwa timu zilizolipa vizuri zaidi katika ligi yao. Jackson dola 6,000 kwa msimu. Buck Weaver 7,250. Eddie Collins 15,000. Kwa Marekani ya wakati ule, aliyekuwa na 6,000 hakulala njaa.

#10 Nyati wa Nakuru
Collins 15,000 na Jackson 6,000, chumba kimoja cha kubadilishia nguo! Na Collins alisoma chuo kikuu, Jackson hajui hata kusoma mkataba anaowekewa mbele. Umenisaidia mwenyewe kaka. Njaa na uchungu ni vitu viwili. Mtu anauza mechi kwa uchungu.

#11 Wakili wa Mtaani
Na hamjataja kipengele kilichokuwa katika mikataba yote ya besiboli enzi hizo: mkataba ukiisha, klabu bado inakumiliki. Huwezi kwenda timu nyingine hata ikikupa mara tatu. Unakubali wanachotoa au unaacha mchezo. Ukitaka kuona ukali wake mtazame Dickie Kerr, mrushaji mdogo wa Chicago aliyecheza kwa uaminifu na kushinda mechi zake zote mbili katika fainali hiyo, wenzake wakiwa wamemsaliti mgongoni. Mwaka 1922 aliomba nyongeza, akanyimwa, akaenda kucheza timu za mitaani apate riziki. Naye akafungiwa, akarudi 1925. Huyo ni yule aliyekuwa msafi.

#12 Mama Salma wa Ngamiani
Maskini Kerr. Mwisho wake ukawaje?

#13 Mbeba Boksi
Ngoja nitoke nje ya mada kidogo, huyu ananigusa. Mwaka 1940 Kerr alikuwa kocha wa timu ndogo kule Daytona Beach. Alikuwa na kijana mrushaji aliyeanguka akaumia bega, kijana akaona maisha yameisha, ana mke na mtoto. Kerr akamwambia mkono umekufa lakini gongo lako liko hai, akawa anampanga kama mpigaji, akamkaribisha yeye na mkewe wakae nyumbani kwake. Kijana huyo ni Stan Musial, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Mtoto akapewa jina la Kerr, Richard. Na Musial alipopata hela alimnunulia Kerr nyumba Houston.

#14 Mama Salma wa Ngamiani
Mungu hamtupi mja wake. Endeleeni.

#15 Kipa Mstaafu
Narudi kwenye swali la mwenye uzi, maana anauliza kama mtu ambaye hajawahi kuwa ndani. Mimi nimewahi.

Nilidaka ligi ya mkoa miaka 6. Msimu mmoja tulikuwa kambini, mshahara wa miezi mitatu haujaingia, tunakula ugali na dagaa asubuhi na jioni. Usiku akaja mtu na bahasha. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa beki wa kati na kiungo mmoja. Siku ya mechi yule kiungo alikuwa moto! Alikimbia uwanja mzima, alipiga pasi za kuua, watu wakamshangilia mpaka wakampa hela za tuzo mkononi. Dakika ya 70 na kitu akapoteza mpira mmoja tu, kwenye eneo moja tu ambalo haupotezi mpira. Goli. Tukafungwa 1-0. Jioni alikuwa analia kuliko sisi wote.

Miaka mitatu baadaye akaniambia mwenyewe. Nilimuuliza, mbona ulicheza vile? Akasema, mechi nzima nilikuwa najitahidi nijisahaulishe.

Kwa hiyo hiyo .375 hainiambii kitu. Hauzi mtu dakika 90. Anauza dakika moja.

#16 Mwanamtoni
Hapa umeniacha kimya, mzee wangu.

#17 Karani wa Takwimu
@Kipa Mstaafu anasema jambo ambalo hesabu zinalibeba nusu tu. Nimegawanya.

Michezo 5 ya kwanza, Chicago walifungwa minne: Jackson alipiga 6 kati ya 19, na hakuna hata pigo moja lililomrudisha mwenzake nyumbani. Sifuri.
Michezo 3 ya mwisho: 6 kati ya 13, na pointi zote 6 alizosababisha zimo humo. Lile pigo la nje ya uwanja lilikuja mchezo wa 8, Reds wakiwa wameshatangulia mbali.

Ukiangalia hivyo utasema, ahaa, alikuwa anapiga pasipo na hatari. Lakini mchezo wa 2, ambao unajulikana uliuzwa, Jackson alipiga 3 kati ya 4! Kama kazi yake ni kufungwa, alikuwa mwajiriwa mbovu.

Sasa mtazame Eddie Collins, ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu. Wastani wake fainali hiyo .226. Edd Roush, nyota wa Reds walioshinda, .214. Tukihukumu kwa namba peke yake, tungefungia wasafi tukaacha wachafu.

#18 Nyati wa Nakuru
Basi nani aliuza kwa namba?

#19 Karani wa Takwimu
Warushaji wawili, hapo hakuna ubishi. Cicotte mchezo wa kwanza: mpira wake wa pili tu ulimgonga mgongoni mpigaji wa kwanza wa Reds, Morrie Rath. Hiyo ndiyo ishara waliyokubaliana na wenye kamari kwamba mambo yameiva. Reds 9, Chicago 1. Mchezo wa 4 akafanya makosa mawili ya udakaji awamu moja, ya 5, wakafungwa 2-0. Yeye mwenyewe alikiri kwamba dola 10,000 alizikuta chumbani kwake hotelini, chini ya mto, kabla ya mchezo wa kwanza.

Williams alipoteza michezo mitatu. Mchezo wa 8 alimtoa mpigaji mmoja tu, wengine wakamchakaza, kocha Kid Gleason akamwondoa hata awamu ya kwanza haijaisha. Mechi ikaisha 10-5.

Wapigaji: Swede Risberg 2 kati ya 25. Happy Felsch 5 kati ya 26. Hawa hawana maelezo.

#20 Nyati wa Nakuru
Williams mchezo wa 8 alitishiwa. Jambazi alimfuata usiku akamwambia ukishinda kesho mkeo hatuna dhamana naye. Alitumwa na watu wa Arnold Rothstein, tajiri wa kamari wa New York. Hata jina la huyo jambazi lipo.

#21 Karani wa Takwimu
Jina hilo ndilo linaloharibu hadithi. Lilitoka kwenye kitabu mashuhuri cha 1963, na mwandishi wake baadaye alikiri kwamba alilitunga, akalipachika kama mtego wa kuwanasa watakaomnakili bila ruhusa. Miaka zaidi ya sitini watu wanasimulia mtego.

#22 Mbeba Boksi
Ni kama ile ya mtoto aliyelia mlangoni mwa mahakama, "Joe, sema si kweli". Huku kila mtu anaijua kwa moyo. Jackson mwenyewe mpaka anakufa 1951 alisema hakuna mtoto wa namna hiyo.

#23 Kijana wa Mikeka
Wakuu samahani nimechelewa. Mimi nauliza upande wa wacheza kamari, wao walipata faida kiasi gani? Maana mimi nikiweka mkeka wa timu 12 siku zote ya 12 ndiyo inachana.

#24 Wakili wa Mtaani
@Kijana wa Mikeka wenye kamari nao walitapeliana. Makundi yalikuwa zaidi ya moja. Kuna Sport Sullivan wa Boston. Kuna Bill Burns, mrushaji mstaafu, na rafiki yake Billy Maharg, bondia wa zamani. Kuna Abe Attell, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa unyoya, akisema anasimama kwa niaba ya Rothstein. Wachezaji waliahidiwa jumla ya dola 100,000, zilipwe kidogo kidogo baada ya kila kipigo.

Hazikulipwa. Baada ya kupoteza michezo miwili walipewa 10,000 tu. Mchezo wa 3 Kerr akashinda 3-0, na Burns na Maharg waliokuwa wameweka hela zao kwa Reds wakabaki mikono mitupu. Ni Maharg huyo huyo, kwa hasira, aliyemwaga mtama kwenye gazeti la Philadelphia Septemba 1920. Siku ya pili yake tu Cicotte na Jackson wakakiri.

Rothstein aliitwa, akajieleza, hakushtakiwa. Alipigwa risasi 1928 kwa mambo mengine.

#25 Kijana wa Mikeka
Kwa hiyo waliouza wakadhulumiwa, walionunua wakaliwa. Duh.

#26 Nyati wa Nakuru
Ndiyo maana nasema baada ya hela kutokuja waliamua kucheza kweli. Michezo ya 6 na 7 Chicago walishinda, wa 7 Cicotte mwenyewe akirusha, 4-1. Jackson naye hapo akafunguka. Kwa hesabu za @Karani #17 mimi nasoma hivi: mpango ulivunjika katikati.

#27 Kipa Mstaafu
Au hakuwahi kuwemo kwenye mpango, alichukua hela tu. Wapo watu hao pia. Anasema "hela ya mjinga", anachukua, anacheza mpira wake. Na bado kwangu mimi ana hatia, kwa sababu wenzake wanaohongwa wanapomwona supastaa kapokea, nao moyo unatulia.

#28 Wakili wa Mtaani
Sasa mniruhusu upande wa sheria, maana hapo ndipo haki ya Jackson inapokuwa ngumu.

Alipokwenda kukiri hakuwa na wakili wake. Aliyemshauri ni Alfred Austrian, wakili wa Comiskey, yaani wakili wa mwajiri. Mtu asiyejua kusoma anakwenda kujifunga mwenyewe akisindikizwa na mtu wa upande mwingine. Hilo lingetokea leo kwenye baraza la kata watu wangepiga kelele.

Kesi ikaanza 1921. Karatasi za maungamo zikapotea mahakamani. Illinois haikuwa na sheria inayosema kuuza mechi ni kosa, wakashtakiwa kwa kula njama ya kutapeli. Agosti 2, 1921 wote wakaachiwa huru, wazee wa baraza wakawabeba mabegani. Kesho yake, kesho yake tu, Jaji Kenesaw Mountain Landis, kamishna wa kwanza wa besiboli, akawafungia maisha. Alisema bila kujali mahakama imeamua nini, anayeuza mechi, anayeahidi kuuza, na hata anayekaa kikao na wauzaji asiwaambie viongozi wake, hatacheza tena.

#29 Mwanamtoni
Hilo ndilo linaloniuma! Mahakama imekuachia, ofisi inakufunga. Landis hakumsikiliza hata mmoja kabla ya uamuzi.

#30 Kipa Mstaafu
Chama cha mpira si mahakama bwana. Mahakama inauliza kama umevunja sheria ya nchi. Chama kinauliza kama mtazamaji aliyelipa kiingilio atakuamini tena.

#31 Wakili wa Mtaani
Kipa umesema vizuri, na nyongeza yake inamuumiza Jackson. Mwaka 1924 aliishtaki klabu huko Milwaukee adai mishahara yake. Safari hii akatoa maelezo tofauti na yale ya 1920. Klabu ikayatoa maungamo yaliyokuwa yamepotea! Yalifikaje mikononi mwao, swali zuri. Wazee wa baraza walimpa ushindi Jackson, jaji akaufuta, akasema alichokiapia sasa hakilingani na alichokiapia kwanza.

#32 Nyati wa Nakuru
Sisi Kenya tuna la kwetu kwenye kriketi. Maurice Odumbe alifungiwa 2004, miaka 5, kwa mambo ya hela za wacheza kamari. Akamaliza, akarudi uwanjani. Miaka 5 mtu ana pumzi ya kurudi. Maisha ni nini? Jackson alifungiwa akiwa ametoka kupiga .382 msimu wa 1920.

#33 Mbeba Boksi
Na huo msimu wa 1920 ndio unanifanya nisimwonee huruma Comiskey. Fununu zilimfikia fainali ikiwa inaendelea. Waandishi kama Hugh Fullerton, na Christy Mathewson aliyekuwa mrushaji mkubwa, walikaa jukwaani wakizungushia duara kwenye karatasi zao za mchezo kila tukio la kutilia shaka. Comiskey akatangaza zawadi kwa atakayeleta ushahidi, halafu akawasajili tena karibu wote! Jackson akapewa miaka mitatu ya dola 8,000. Gandil, aliyekuwa kinara wa njama, ndiye pekee ambaye hakurudi. Walisimamishwa siri ilipotoka gazetini, ligi imebaki michezo mitatu tu. Mwaka mzima tajiri alikuwa anakusanya viingilio akiwa na shaka zake mfukoni.

#34 Mama Salma wa Ngamiani
Wanangu, nimesoma yote pole pole na miwani. Mie Jackson hanisumbui sana. Ananisumbua huyo Buck Weaver mliyemgusa kwa mshahara mkampita. Nimeuliza kijana wangu wa nyumbani akanisomea. Huyu hakupokea hata senti. Alikaa vikao vya mwanzo, akajua, akanyamaza, akacheza kwa nguvu zake zote. Kweli si kweli?

#35 Karani wa Takwimu
Kweli mama. 11 kati ya 34, .324, bila kosa la udakaji. Hakuna ushahidi wa hela. Aliomba kurudishwa mara nyingi mpaka alipofariki 1956. Hakukubaliwa.

#36 Mama Salma wa Ngamiani
Basi niwaambie. Tulikuwa na kikoba cha akina mama 22. Mweka hazina alikuwa shoga yangu, tumecheza wote, tumeolewa mwaka mmoja. Nikajua anazitoa hela kisiri anamkopesha mtu wa nje kwa riba. Mwenyewe aliniambia, ya kwamba mwisho wa mwezi atazirudisha na hakuna atakayejua. Sikuchukua hata shilingi. Nikasema, nikitoa siri nitamvunjia nyumba. Nikaendelea kupeleka hisa yangu kila Jumamosi kama kawaida.

Yule mtu wa nje akahama na hela. Siku ya kuvunja kikoba kuna mama alikuwa anasubiri ada ya mtoto. Nilimtazama usoni. Akina mama walipojua kwamba nilijua, hasira yao kwangu ilikuwa kubwa kuliko kwa mweka hazina. Miaka miwili sikualikwa shughuli.

Kwa hiyo huyo Landis namwelewa na ananiuma pamoja. Mie walinifungia miaka miwili, wakaja wenyewe kunichukua. Weaver aliomba mpaka anakufa.

#37 Nyati wa Nakuru
Pole sana mama.

#38 Mwanamtoni
Mama shikamoo. Sikutegemea uzi ufike huku.

#39 Kipa Mstaafu
Shikamoo mama. Na mimi niseme jambo ambalo sikulisema kwenye #15. Nilisema bahasha haikuja kwangu. Lakini nilimwona mtu anaingia na nikajua amekuja kufanya nini. Sikumwambia kocha. Ningemwambia nini, na yeye hajalipwa kama sisi? Weaver naye angemwambia nani? Comiskey alishasikia, Gleason alishasikia, rais wa ligi yao Ban Johnson alikuwa na ugomvi na Comiskey. Ningekuwa yeye ningenyamaza pia. Nilinyamaza.

#40 Wakili wa Mtaani
Kipa, hapo mwanzoni ulisema umemaliza.

#41 Kipa Mstaafu
Kwa Jackson nimemaliza. Kwa Weaver sijaanza.

#42 Kijana wa Mikeka
Kwani mpaka leo bado wamefungiwa? Marehemu anafungiwaje?

#43 Mbeba Boksi
Waliondolewa. Mei 2025 kamishna Rob Manfred alitangaza kuwa kifungo cha maisha kinaishia pale maisha yanapoishia. Majina 17 yakatoka kwenye orodha, Pete Rose yumo (nyota mwingine aliyefungiwa kwa mambo ya kamari), na wote 8 wa Chicago wamo. Kwa hiyo Jackson anaweza kupigiwa kura kuingia Ukumbi wa Mashujaa, kamati inayohusika inakaa Desemba 2027.

#44 Nyati wa Nakuru
Weaver pia?

#45 Mbeba Boksi
Kufunguliwa, naye kafunguliwa. Lakini umashuhuri wake si wa Jackson, kura sidhani.

#46 Karani wa Takwimu
Kura za Jackson zitabebwa na ile .356 ya maisha. Na kila mpiga kura atakuwa na swali la #2 mkononi. Mwanamtoni, wewe sasa unasemaje?

#47 Mwanamtoni
Nilikuja nikiwa na hakika kwamba kaonewa. Sasa nadhani alipokea, akacheza kwa dhati, na sijui dhati hiyo ilianza mchezo wa ngapi. Kile kisa cha kiungo wa Kipa kinanirudia kila nikisoma .375. Lakini asiyejua kusoma kushauriwa na wakili wa tajiri, hilo bado sitalikubali hata mkinikalia vikao.

#48 Nyati wa Nakuru
Na mimi sitoki kwa Comiskey. Ligi yao yote ilikuwa imeoza. Cicotte mwenyewe alieleza kuwa wazo liliibuka kwenye maongezi ya treni, kwamba mwaka wa nyuma yake, 1918, kuna wachezaji wa Cubs, ile timu nyingine ya Chicago, waliopewa ahadi ya hela kama hizo. Waliozungumza hivyo safarini bila kuona haya walizoea kuyasikia.

#49 Karani wa Takwimu
Yalikuwa maneno ya treni tu @Nyati, 1918 hakuna kilichothibitishwa.

#50 Mama Salma wa Ngamiani
Na huyo Cicotte wa chini ya mto, aliishia wapi?

#51 Mbeba Boksi
Alirudi kwao Michigan. Alikiri alizitaka zile hela kwa ajili ya deni la shamba. Alifanya kazi ya kulinda wanyamapori, akafanya kazi Ford, uzeeni akawa analima stroberi. Alifariki 1969.

Halafu jambo moja. Uwanja wa zamani wa Comiskey ulibomolewa 1991, ni mtaa wa 35 hapa kusini mwa mji, sasa ni maegesho ya magari. Lakini mahali aliposimama mpigaji wameweka alama ya mawe chini. Jumapili sina zamu, nitapita. Mnataka picha?

#52 Mwanamtoni
Tuma mkuu. Na ukisimama hapo tazama upande wa kushoto kwa mbali, ndiko Jackson alikokuwa akidaka. Tuambie ni mbali kiasi gani.

#53 Mama Salma wa Ngamiani
Na kituo cha tatu, alikosimama Weaver. Hicho nacho kipigie picha.